Vibandiko Vitatu na Ndoo ya Asali

Kwanza kabisa, sikuchomwa dawa ya ng'ombe. Nalisema mapema kwa sababu tangu nirudi Nambis nimelisikia mara tatu, mara moja kutoka kwa katekista, mtu ambaye kazi yake ni kusema kweli. Pili, sikulewa. Yaani, sikulewa sana. Kwa kuwa ninyi rafiki zangu mmeniuliza, na kila mmoja tayari ana habari yake, nimeamua kuandika safari yote kuanzia mlangoni kwangu mpaka Hanang na kurudi. Msome mara moja, mnyamaze.

Mnajua nina kisukari. Wengi wenu pia mmekiona kibandiko changu, ila kwa asiyekijua: ni kidude cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, ambacho nakijaza insulini asubuhi na kukibandika tumboni. Nikibonyeza, kijisindano chembamba kinaingia, na kuanzia hapo dawa inanifikia polepole mchana na usiku. Nikitaka kula nabonyeza kitufe, kinalia tik, napata dozi ya chakula. Baada ya saa ishirini na nne nakibandua, nakitupa, nabandika kingine. Hakina betri wala akili yoyote. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni nesi ng'ambo, aliniletea boksi zima alipokuja likizo, na daktari wangu akanipangia vipimo vya dawa. Habari za makaratasi naziacha. Tangu siku hiyo mimi na sindano tuliachana kama ndugu waliogombania shamba.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Dada yangu Martina ni mjane, na kitinda mimba wake Paskali, ambaye kwa desturi yetu ndiye wa kurithi mji wa mama, alikuwa amempenda Maria, binti wa mfugaji wa Kibarabaig chini ya Mlima Hanang. Maria anauza katika duka la dawa za mifugo pale Katesh. Baba yake Paskali hayupo duniani, kwa hiyo mshenga nikawa mimi mjomba.

"Boay," dada aliniambia nikiwa navaa koti, "usiwaambie una sukari. Watasema ukoo wetu una magonjwa. Kaa wima, ongea vizuri, na usivue shati."

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Nikapiga hesabu: siku mbili za safari, vibandiko viwili, na kimoja cha akiba. Nikachukua vitatu, na chupa ya insulini niliyoifunga kwa kitambaa chenye maji ndani ya chupa ya chai. Sindano za zamani nikaziacha juu ya kabati. Nilizitazama, nazo zikanitazama.

Nambis mpaka Maretadu

Wabarabaig hawaposi kwa maneno matupu. Wanataka asali ya kupikia pombe, na wakati mwingine wote wa maisha yangu nisingeona ubaya. Hivyo mgonjwa wa sukari alipanda nyuma ya pikipiki ya Paskali akiwa amepakata ndoo ya asali, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Paskali ni fundi pikipiki, mtu mkubwa, mpole, anayekula kwa watu watatu na kuongea kwa nusu mtu. Anaendesha vizuri, lakini barabara haikuwa na habari na uendeshaji wake. Kila shimo, ndoo ilinipiga tumboni. Kila mteremko, ilipanda kifuani kama mtoto anayetaka kunyonya. Tulipofika Maretadu kunywa chai, niliingiza mkono chini ya shati ili nibonyeze dozi, nikakuta ngozi tupu. Kibandiko nilikivuta kutoka kwenye mkanda wa suruali, kimekufa, gundi yake imejaa manyoya ya sweta.

Mama mwenye banda la chai alikiona.

"Baba, hicho nini?"

"Dawa, mama."

"Dawa yenye vitufe?"

"Ya sukari."

"Sukari," alisema. Akatazama miguuni pangu. "Na hiyo ndoo?"

"Asali."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekwenda kuzima moto amebeba petroli.

Mezani pembeni alikuwapo mzee mmoja ambaye tangu tuingie alikuwa anajisifu jinsi anavyochezea mizani wakati wa kupima maharage. Alikitazama kidude changu, akanitazama koti, akaishusha sauti. "Huyo ni mtu wa mapato. Kile ni cha kurekodi." Kisha mzee akaanza kusema kwa sauti ya juu, akikigeukia kidude changu, kwamba yeye binafsi anapenda sana kulipa kodi na kwamba barabara ya Maretadu ni nzuri. Hilo la barabara ndilo lililonikera.

Nikaenda nyuma ya banda, nikajaza kibandiko cha pili, nikakibandika upande wa kushoto ambao ndoo ilikuwa bado haijaujua. Ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, na akiba yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Paskali alikuwa na andazi la tano.

"Mjomba, turudi kuchukua vingine?"

Lilikuwa swali zuri. Jibu langu lilikuwa la kijinga: "Mshenga harudi nyuma. Ni mkosi."

Haydom, kisha matope

Mvua ilitupata kabla ya Haydom, ile isiyo na haraka. Tukalala hapo, katika nyumba ya wageni ambayo mwenye nyumba alituuliza kama asali nayo inahitaji kitanda. Kwa hiyo siku ile tuliyopanga kufika Katesh iliishia nusu ya njia.

Asubuhi tulielekea Basotu. Udongo wa huko ni mweusi, unashika tairi na hauachii. Paskali alisukuma pikipiki, mimi nikabeba ndoo, na mimi na ndoo tulianguka mara moja tu, lakini mara moja ilitosha. Mpira ukakatika, kifuniko kikafunguka, asali kama kikombe kimoja ikamwagika juu ya suruali yangu.

Ziwa la Basotu lina samaki watamu. Lina pia nyuki. Tulikaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya njia, na kabla samaki hajageuzwa upande wa pili, nyuki walikuwa wamefika na ndugu zao wote. Wateja walikimbia. Mama wa samaki, ambaye hakukimbia kwa sababu mafuta yalikuwa yake, alinipungia mwiko.

"Vua suruali, baba!"

"Mama, mimi ni mshenga!"

"Hata ungekuwa askofu. Vua!"

Nikavua. Nilisimama kandokando ya barabara ya Basotu nikiwa na koti, tai, na kaptura ya ndani, suruali yangu ikichemka nyuki juu ya mti wa miiba, huku mama yule akiwasha majani mabichi apate moshi. Wachungaji wawili waliokuwa wanapitisha ng'ombe walisimama. Mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee. Umeporwa?"

Saa nzima ilipita. Ilipofika saa nne kamili, kibandiko cha pili kilimaliza muda wake, na kwa kuwa nilikuwa tayari sina suruali, nilikibandua na kubandika cha tatu pale pale bila taabu. Cha mwisho. Nikabonyeza dozi ya samaki nikala. Hesabu yangu mpya ilikuwa hivi: leo tunafika Katesh, jioni tunakutana na wazee, kesho alfajiri tunarudi. Mtu anaweza kukosa dawa kidogo njiani asife.

Katesh, siku ya mnada

Maria alitupokea mlangoni pa duka la dawa za mifugo. Ni binti mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wafugaji wanaobishana juu ya dozi. Alinisalimia vizuri, akaitazama suruali yangu, akawa na adabu ya kutouliza.

"Mjomba, samahani. Baba yuko mnadani na ndugu zake. Ng'ombe hawajauzwa. Amesema kikao ni kesho asubuhi."

"Kesho?"

"Kesho saa tatu. Nyumbani."

Nilicheka kama mtu asiye na tatizo. Tatizo langu lilikuwa kwamba kesho saa nne ningekuwa na plastiki tupu tumboni, kati ya wakwe, na pombe ya asali mbele yangu. Kumwambia Maria sikuweza, maana dada alinikataza, na zaidi ya hapo nilikuwa na aibu. Nikasingizia nataka vocha, nikaenda kutafuta sindano za insulini.

Duka la dawa la kwanza lilikuwa limefungwa, mwenyewe kaenda mnadani. La pili kijana muuzaji alitafuta kila droo.

"Za insulini zimeisha, mzee. Kuna dada mmoja anachukua karibu zote, kila mzigo ukifika. Zimebaki hizi."

Hizi zilikuwa sindano kubwa, zisizo na vipimo vya insulini. Insulini si maji ya kunawa, huwezi kukadiria. Nikamshukuru, nikatoka, nikamlaani huyo dada asiyejulikana kwa uroho wake. Kisha nikaenda mnadani kula nyama choma na Paskali, tik mbili, na kujiambia kwamba wazee wa Kibarabaig huenda wakawa watu wa maneno machache.

Bomani

Si watu wa maneno machache.

Nyumbani kwao Maria ni mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Katesh, mlima uko nyuma yako na tambarare mbele. Maria hulala kwao na kwenda dukani kila asubuhi. Baba yake, Mzee Gidarida, ni mtu wa umri wangu, mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Walikuwapo pia ndugu zake watatu na wazee wengine wa ukoo. Mama yake mzazi, Bibi Udaheda, alikaa kwenye kigoda peke yake, amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba, na chale za duara kuzunguka macho yote mawili. Kiswahili chake alikipata mnadani akiuza maziwa, nacho kilikuwa kimenyooka kama fimbo.

Nikatoa salamu, nikatoa asali, nikatoa maneno yangu. Yalikuwa mazuri. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Kisha bibi akasema, "Hapana."

"Mama," Mzee Gidarida alianza.

"Nambis kuna baridi. Msichana atakufa."

"Mama, tuna mablanketi," nikasema.

"Blanketi halina moto."

"Tuna kuni."

"Kuni zinaisha."

Tuliendelea hivyo. Nikamwelezea sweta, makaa, kanisa lenye joto. Kila nilichosema kiliisha, kilichakaa au kililiwa na mchwa. Ndugu zake Mzee Gidarida walicheka chini chini na kukumbushana jinsi babu zao walivyokuwa wakichukua ng'ombe wa babu zangu. Na kila baada ya maneno kadhaa, kibuyu cha pombe ya asali kilinifikia. Nilikuwa nimepanga kuonja. Lakini mwenyeji akiona kibuyu chako kimejaa anadhani umeidharau pombe yake, na akiona kimepungua anakijaza.

Saa nne ikapita. Kibandiko changu kilikuwa bado tumboni lakini kazi kimeshamaliza, kama walinzi fulani ninaowajua. Kufikia saa sita ulimi wangu ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Niliomba maji. Nikatoka kukojoa. Nikarudi, nikaomba maji. Nikatoka.

"Mshenga wao anatoka kupiga simu," nilimsikia ndugu mmoja akisema. "Anaomba ushauri kwao."

Mara ya nne nilikuwa nyuma ya zizi, nahangaika na vifungo, niliposikia fimbo ikigonga ardhi. Bibi Udaheda alikuwa amenifuata, akiongozwa na mlio wa shughuli yangu.

"Wewe."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ya nne hiyo."

"Ya nne nini, mama?"

"Kukojoa. Nimehesabu. Na maji umeomba mara sita." Akasogea, akanusa hewa mbele ya uso wangu kama anayemnunua mbuzi. "Una sukari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi ya wakwe, lakini hakuna nililotarajia kulijibu nimeshika suruali.

"Mama, mimi..."

"Usinidanganye. Hata mimi ninayo."

Akanishika mkono, akaniongoza nyumbani kwake. Chini ya kitanda alitoa mfuko wa ngozi, na ndani yake, zimepangwa kama njiti, zilikuwamo sindano za insulini. Sindano zote za Katesh. Yule dada mroho niliyemlaani alikuwa Maria.

"Macho yangu yanaona mwanga," bibi alisema. "Namba hayaoni. Maria ananichoma asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi. Mwanangu hajui. Akijua atauza ng'ombe, atanipeleka hospitali ya mbali, nitafia huko kwa watu nisiowajua. Sasa wewe unakuja na asali yako, unamchukua Maria. Nani atanichoma? Mbuzi?"

Kumbe baridi haikuwa sababu. Yale mablanketi yote, zile kuni zote. Nikachukua mfuko wangu kwenye pikipiki, nikapima sukari kwa kimashine changu, na namba iliyotokea siiandiki hapa kwa sababu daktari wangu naye ana presha. Nikavuta dawa kutoka chupa yangu, nikajichoma. Mimi na sindano tukasalimiana tena bila furaha.

Bibi alikuwa ametega sikio. "Mbona una kitu tumboni? Nimesikia umekigusa, ni kigumu."

Nikamweleza. Akanyoosha kidole, akakigusa, akabonyeza kitufe. Tik.

"Kinahesabika kwa sikio," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Nibandike."

"Hiki kimekwisha, mama. Na hata kingekuwa kipya nisingekubandika. Kimepangiwa mwili wangu. Dozi yangu ingeweza kukuua."

"Na vingine viko wapi?"

"Kwangu Nambis. Boksi moja. Likiisha, sijui kama nitapata jingine."

Aliurudisha mfuko wake chini ya kitanda. Kisha akasema, "Basi hakuna kitu," na akanipa mkono nimsimamishe turudi kikaoni.

Nataka mjue niliyoyafikiria njiani, ule mwendo wa hatua thelathini. Ningeweza kunyamaza. Ningerudi nyumbani na hapana ya baridi, na dada angemlaumu bibi mkali wa Hanang. Au ningemshinda kwa maneno, maana wanaume walikuwa upande wetu, na Maria angekuja Nambis, na huku chini ya mlima bibi kizee angekuwa anahangaika gizani na sindano asiyoiona. Nilisimama katikati ya kikao. Nikavua koti. Nikapandisha shati.

"Wazee, kabla hatujaendelea. Mimi nina kisukari. Hiki ni kifaa cha dawa, na kimeniishia hapa kwenu. Kama ni sababu ya kukataa ukoo wetu, mkatae mkijua."

"Nilisema ni simu!" akasema yule ndugu.

Paskali alinitazama akiwa na kipande cha nyama ya mbuzi mdomoni. Wazee wakainuka wakizungusha shingo kukiona. Mzee Gidarida alikuja karibu, akanikagua tumbo kwa umakini wa mtu aliyekagua matumbo mengi, kisha akatoka. Aliporudi alikuwa ameshika bomba la chuma la kuchomea mafahali, lenye sindano nene kama msumari.

"Kama umeishiwa, mimi ninalo," alisema kwa huruma ya kweli. "Ni la ng'ombe. Lakini wewe tutakupunguzia."

Hapo ndipo habari yenu ya dawa ya ng'ombe ilipoanzia, na hapo ndipo ilipoishia. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Bibi Udaheda ndiye hakucheka.

"Gidarida, rudisha kitu chako. Nimempa cha kwangu."

"Cha kwako kipi, mama?"

"Sindano. Na mimi ninayo sukari."

Mzee Gidarida alishusha lile bomba polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Mwaka juzi. Na mimi ninalala nyumba ya pili."

"Unakoroma," alisema mama yake.

Mzee akamgeukia Maria. "Na wewe ulijua."

"Alinikataza, baba." Maria alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja, machozi yanateremka lakini sauti haikutetereka. "Na wewe ukija nyumbani unauliza ng'ombe kwanza."

Mzee aliondoka. Tulimwona amesimama katikati ya mifugo yake, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja, muda mrefu. Hakuna aliyekunywa. Aliporudi macho yake hayakuwa ya kucheka tena.

"Mshenga, wewe ni mtu mzuri," alisema. "Lakini Maria haendi Nambis."

Na mimi, ambaye nilitumwa kumleta mkwe kwenye mji wa dada yangu, ambaye sikuwa na ruhusa ya kubadilisha hata neno moja, nikafungua mdomo: "Basi Paskali atakuja Katesh."

Sikuwa nimemuuliza. Ndivyo ilivyokuwa, na nimekwisha kumwomba radhi. Maria akapita katikati ya wazee, akasimama mbele yake.

"Wewe unasemaje? Si mjomba. Wewe."

Paskali alimeza nyama. "Pikipiki zinaharibika hata Katesh," alisema.

"Anaweza kuchoma sindano?" bibi akauliza.

"Atajifunza," nikasema.

"Kwa nani?"

Watu wote wakanitazama. Hivyo kabla ya chakula cha jioni nilikaa kwenye kigoda, shati juu, wazee wamezunguka kama wanatazama mieleka, na Maria akamfundisha: vuta hapa, toa hewa, soma mstari, bana ngozi. Ile mikono inayofungua injini ikaishika sindano kama spana. Akafumba macho.

"Fumbua macho, mjinga!" nikapiga kelele.

Akachoma.

"Mjomba, imeingia?"

"Imeingia mpaka Singida."

Bibi Udaheda alisikiliza yote kichwa kimeinama upande. "Mimi kesho," alisema. "Leo ajifunzie kwa mtu asiye na thamani." Kisha akaagiza niletewe maziwa yasiyo na sukari na paja la mbuzi, na mwanawe akaja akakaa chini karibu na kigoda chake, akimuuliza kwa lugha yao, polepole, maswali ambayo hakuna aliyenitafsiria.

Kurudi

Nilirudi peke yangu. Paskali alibaki Katesh, akapanga chumba, kila asubuhi na jioni anakwenda bomani kujifunza. Bibi alinipa sindano za kunifikisha, nami nikapanda lori la ngano mpaka Haydom. Dereva aliniona nikijichoma tumboni kabla ya ugali, akaacha kula. Tulipofika akaniambia kwa upole kwamba mtu anaweza kuacha dawa za kulevya akimrudia Mungu. Nilimwahidi nitajaribu.

Kwa dada walikuwa wamepika. Majirani walikuwapo, nanyi baadhi yenu mlikuwapo, mmejipanga kwenye sahani. Nilishuka kwenye pikipiki ya kukodi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Paskali yuko wapi?"

"Katesh."

"Anarudi lini?"

"Wamekubali," nikasema. "Posa imekubaliwa."

"Boay. Nimekuuliza anarudi lini."

Nikamweleza yote pale pale, mbele za watu, maana nilijua nikibaki naye peke yangu nitapunguza. Nilipomaliza hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nilikutuma kuleta bibi harusi," alisema, "ukaniachia bwana harusi huko." Akaingia ndani, akafunga mlango. Tulikula chakula chake bila yeye, na mliokuwapo mnajua kilivyokuwa kigumu kumeza, ingawa hamkuacha hata mfupa.

Siku mbili sikumwona. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa kwangu, natoa kibandiko kwenye boksi, akaingia bila kubisha hodi. Alinawa mikono kwenye beseni langu, muda mrefu, mpaka viwiko. Akavuta kiti.

"Huyo bibi, haoni kabisa?"

"Anaona mwanga tu."

"Ni sukari iliyomla macho?"

"Ndiyo."

Akanitazama usoni, jicho moja, kisha jingine, kama anatafuta uchafu. Mke wangu alikwenda zake zamani, watoto sikujaliwa, na hilo hatulizungumzi.

"Nionyeshe," alisema.

Nikamsogezea boksi la vibandiko, nikaanza kumweleza jinsi ya kujaza. Akalisukuma kando.

"Si hivyo. Hivyo vitaisha. Nionyeshe sindano."

Nikazishusha kutoka juu ya kabati. Nikamwonyesha mstari, akavaa miwani, akavuta dawa kidogo kidogo mpaka ikafika sawasawa. Dada yangu anaogopa sindano tangu utotoni. Alinibana ngozi kwa vidole vilivyokuwa baridi kama chuma.

"Sijakusamehe," alisema, na akanichoma.